Mwalimu Aliyengoja Bei Ishuke

Mwalimu hakuwahi kununua nyanya asubuhi. Miaka yote niliyouza mboga hapa sokoni Garissa, yeye alikuja jioni, jua likishalegea, nyanya zimepikwa na joto mpaka ukizigusa kidole kinazama. Alikuwa anasimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma, anazitazama kama daktari anayemtazama mgonjwa ambaye hatapona.

"Mama Mboga, hizi sasa zimefika bei yake."

"Zimefika mwisho wake, Mwalimu. Bei yake ilipita asubuhi."

"Ndipo hapo ninapozipendea."

Na mimi ningefanya nini? Mboga ya Garissa haina kesho. Nilikuwa namfungia huku nanung'unika, naye anaondoka amefurahi kama mtu aliyeishinda serikali kortini.

Alizaliwa wapi na babake alikuwa nani, hayo sitayasema. Siyajui, na hata ningeyajua yasingetusaidia. Ninachojua ni kwamba aliletwa huku kufundisha hesabu, kutoka Meru kwenye baridi, na kwamba wenzake walioletwa naye walilalamika mpaka wakapewa uhamisho, yeye akabaki. Mimi natoka Mwingi, si mbali. Nilikuja na mzigo wa maembe nikasahau kurudi. Shule niliacha darasa la tatu kwa sababu ya... haya, hiyo nayo ni hadithi nyingine na ina punda ndani yake. Tuiache. Nasema tu, ukiona nimeandika vibaya, mlaumu punda.

Neno lake lilikuwa moja: wacha ipoe. Chai ikiletwa, wacha ipoe, mpaka inafanya ngozi juu na nzi wanaanza kuishangaa. Wapangaji wenzake wakigombana, wacha yapoe. Walimu wenzake wakikimbilia simu mpya iliyotoka, wengine kwa mkopo, yeye anatikisa kichwa: wacheni ipoe, itakuja kwa nusu ya bei hiyo. Na mara nyingi, hapa nampa haki yake ingawa inaniuma, alishinda. Sukari na mchele wa Ramadhani aliwanunulia majirani mapema, wakati wenye maduka bado wamelala, na yeye mwenyewe ni Mkristo hafungi hata siku moja. Walimwita Maalim, na walimwita kwa heshima.

Halafu kukawa na wale mbuzi. Kulikuwa na ukame mbaya, wafugaji wanaleta mbuzi soko la mifugo wakiwa mifupa inayotembea. Watu walinunua bei ilipoanza kushuka, wakajiona wajanja. Mwalimu akangoja. Ikashuka tena, akangoja. Wiki ile mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa Ifo, akaingia sokoni akanunua kundi zima kwa bei ambayo hata dalali aliona haya kuitamka. Mvua ikanyesha, mbuzi wakanona, akawauza karibu na Idi ya kuchinja. Kwa pesa hizo alijenga chumba chenye mlango wa chuma, nyuma ya meza yangu, akampa mkewe afungue studio.

Hao mbuzi ndio waliomharibu. Nimefikiri sana jambo hili na sioni mwingine wa kulaumu.

Sasa lazima nikueleze kazi ya mkewe, Mama Kendi, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nilikaribia kumtupia Mwalimu kabichi kichwani. Harusi za huku, wenyewe wanaita aroos, wanawake wana ukumbi wao na wanaume wao. Ndani kwa wanawake mashungi yanatolewa, nywele zimetengenezwa, bibi arusi anang'aa, mama mtu anacheza mpaka viatu vinaruka. Mwanamume haingii. Na kama haingii, hata video yake haioni. Kwa hiyo anayepiga picha lazima awe mwanamke, na anayekaa kwenye kompyuta kuzikata na kuziunga na kuweka nyimbo lazima awe mwanamke vilevile. Huwezi kupeleka kwa kijana wa Nairobi. Ukifanya hivyo mara moja tu, habari itafika Takaba kule mpakani kabla yako, na hutaitwa tena hata kupiga picha ya mbuzi.

Mama Kendi alijua kazi hiyo vizuri sana. Akaweka pazia zito katikati ya studio. Nyuma ya pazia kompyuta, yeye, na mwanamke yeyote aliyetaka kuona. Mbele ya pazia kiti cha Mwalimu, ambapo alikaa akitoka shule, simu mkononi, akipokea wateja.

Hapo ndipo penye ubaya wote. Mtu aliyeshika pesa za kununulia kompyuta chakula chake ndiye peke yake ambaye hakuwahi kuona ikifa njaa.

Mimi niliona. Mimi ni mwanamke, naingia nitakapo. Video ikishaungwa, kompyuta inatakiwa iipike iwe kitu kimoja, na inapopika kunatokea mstari kwenye kioo unaotambaa kuelekea upande wa kulia. Ule mstari, ndugu yangu! Nimeona kobe, nimeona karani wa kaunti akitafuta mhuri, sijaona kitu cha polepole kama kile. Na ukikaribia kufika mwisho, kioo kinaganda, au kinakuwa cheusi, unaanza upya. Mama Kendi alikuwa anaipepea kompyuta kwa kipepeo cha ukindu kama mtoto mwenye homa.

"Shida ni kadi," aliniambia. "Si kadi ya mwaliko, Mama Mboga. Kadi ya picha, inakaa humo ndani. Hii kompyuta haina, kwa hiyo kichwa chake kinafanya yote. Ni kama harusi mpishi ni mmoja, na huyohuyo apakue, aoshe vyombo, na amfukuze paka."

"Si mnunue."

Akaelekeza kipepeo kwenye pazia. "Mwambie huyo."

Nikatoka nikamwambia huyo. Na nikapata somo ambalo sikuliomba.

Kwanza, akasema, kadi sasa zimepanda kwa sababu kuna watu wanachimba pesa ndani ya kompyuta, na hao wananunua kadi zote. Nikamuuliza wanachimba kwa jembe gani. Akasema hilo niliache. Wao wataacha kuchimba siku moja, maana kila mtu huchoka, na siku hiyo watauza kadi zao kwa mkupuo kama wafugaji wakati wa ukame. Wacha ipoe. Pili, usinunue ile kubwa kabisa. Kubwa ni ya kujionyesha. Nunua ya katikati, hiyo ndiyo inayorudisha shilingi yako. Tatu, mpya ikitangazwa, ya zamani inashuka. Kwa hiyo mjinga hununua ya zamani mwezi mmoja kabla ya mpya kutoka.

Maneno yote mazuri. Sikuweza kuyajibu, na sasa nimezeeka bado siwezi kuyajibu moja moja. Lakini nyuma ya pazia mtu alikuwa anapepea.

Na wachimbaji wakachoka kweli! Hapo nikamvulia kilemba. Kadi zikaanza kumwagika Nairobi, bei ikaporomoka kama alivyosema. Ndipo akaja Farah. Farah huuza vitu vya kompyuta vilivyotumika, anavileta kwa basi vimefungwa ndani ya blanketi. Alikuja studio mchana, nami nilikuwa pale nje nikipanga kabichi, nikasikia yote.

"Maalim, leo nimekuletea mali. Shika, haiumi."

Mwalimu akaishika. Ilikuwa kitu kirefu kama tofali jembamba, kina feni mbili ndogo. Akaigeuza, akainusa, akachungulia huku na huku. Nakuambia kweli, alitafuta meno.

"Hii imefanya kazi gani?"

"Ilichimba kidogo tu, kwa kijana mmoja safi. Alikuwa anaipenda kama mtoto."

"Na mbona feni moja nyeusi, moja nyeupe?"

"Ya kwanza ilichoka, nimeweka ingine. Wewe Maalim meno yako yote ni ya kuzaliwa?"

Nilicheka mpaka kabichi likaanguka. Mwalimu akafunga mdomo, kwa sababu jino lake moja la mbele lilikuwa la kuwekewa na daktari.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Baba Kendi, chukua!"

"Mama Kendi, wacha ipoe. Zinashuka kila wiki. Bado hatujafika chini."

"Hii si mbuzi, Maalim," Farah akasema. "Mimi nikitoka na yeye hapa, kuna mtu nachukua leo leo."

"Kila dalali husema hivyo."

"Basi mimi nasema na wallahi juu."

"Wacha ipoe, Farah."

Farah akaifunga katika blanketi lake, akaniangalia, akainua mabega, akaenda zake.

Bei ilishuka kidogo tena, ni kweli. Mwalimu alinionyesha kwenye simu kwa furaha. Lakini zile nzuri za katikati zilikuwa zimekwisha chukuliwa, zikabaki zilizoungua. Halafu dola ikapanda. Halafu mpya zikatangazwa, akasema sasa, sasa ndiyo wakati, za zamani zitaanguka. Za zamani hazikuanguka, zilipotea tu madukani, na mpya zikaja na bei ya kununulia ngamia. Akaamua kungoja mpya nazo zizeeke.

Usifikiri alikuwa bahili. Ningekuwa naandika habari za bahili ningemaliza kwa mistari miwili nikaenda kulala. Mwaka mto Tana ulipofurika na barabara ya Madogo ikakatika, nyanya zangu zilikwama ng'ambo, kreti kwa kreti, zinaoza naziona hivi hivi. Wenye mashua walikuwa wanataja bei ya wizi. Mimi nimekaa chini, kitambaa kichwani, nalia. Nikamwona Mwalimu amekunja suruali yake ya shule mpaka magotini, anaingia kwenye mashua. Alirudi na kreti zangu zote. Bei aliyotajiwa ndiyo aliyolipa. Hakusema hata "punguza."

Nikamuuliza, "Mwalimu, leo hukungoja ipoe?"

Akashangaa, kama nimeuliza kitu cha kipumbavu. "Ile ilikuwa shida, Mama Mboga. Shida haingojwi. Kinachongojwa ni kitu."

Na siku Mama Kendi alipougua tumbo darasa la hesabu likiendelea, aliacha chaki juu ya meza, akasimamisha gari la mtu asiyemjua, akampeleka mpaka Nairobi. Bei aliuliza walipofika. Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Utamkasirikiaje vizuri? Kila nikitaka kumkasirikia moja kwa moja, ile mashua inakuja.

Lakini nilimkasirikia. Nilimkasirikia siku ya Mama Ubah, na sijamaliza mpaka leo.

Mama Ubah alitoka Takaba kumwoza binti yake hapa Garissa. Mwanamke mnene, mcheshi, mikono yote hina. Mkwe alikuwa Marekani, na binti alikuwa anakwenda kumfuata huko mara tu baada ya harusi. Mama mtu alitaka kitu kimoja tu: binti aondoke na ile video. Mama Kendi akapiga picha usiku wa harusi, akaanza kuunga kesho yake, na kompyuta ikaanza vitimbi vyake. Mstari unatambaa, unakaribia, giza. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mimi nilikuwa napepea upande mmoja, yeye upande wa pili.

Nje ya pazia, Mwalimu: "Imefika wapi?"

"Imekufa!"

"Iwashe tena. Itazoea."

Itazoea! Kama punda. Nilitaka kutoka nimshike shati.

Siku moja kabla ya safari, Mama Ubah akaingia. "Abaayo," alimwita Mama Kendi, yaani dada, "fideo yangu iko wabi?"

Mama Kendi akasogea pembeni. Akamwonyesha kioo. Mama Ubah akakaa chini, akatazama ule mstari ukitambaa, na hapo penye picha iliyoganda alikuwa yeye mwenyewe, mikono juu, anacheza, mdomo wazi. Kioo kikawa cheusi.

Akainuka, akatoka mbele ya pazia. Nikamfuata, maana nilijua kutakuwa na neno.

"Maalim, wewe nangoja nini?"

"Bei, mama. Kadi zitashuka tu, nakuhakikishia, hii miezi..."

"Mtoto wangu naenda kesho. Huko nyumba yake hakuna mtu najua yeye. Ameniambia, hooyo, mama yangu, nikilia usiku nataka nione wewe ukicheza." Hakupandisha sauti. "Bei ya hiyo imeshuka ngapi?"

Mwalimu alifungua mdomo. Mtu wa hesabu, akaanza kuhesabu kwenye vidole.

Kabla hajamaliza, Mama Kendi alitoka nyuma ya pazia, kisanduku kidogo cha kompyuta kinachotunza picha za harusi kimefungwa ndani ya leso, akavuka barabara. Ng'ambo kulikuwa na studio mpya ya Hodan, msichana aliyetoka chuo kikuu hapahapa, mlango umeandikwa "Wanawake Tu" kwa rangi ya waridi. Jua lilikuwa halijafika magharibi, Mama Kendi akarudi na video imekamilika, yote, na nyimbo zake. Ubah aliondoka nayo. Mama yake alilipa ng'ambo, akapita mbele ya Mwalimu, akamsalimia kwa adabu, na hiyo adabu ilikuwa mbaya kuliko tusi.

Asubuhi yake Mama Kendi alibeba kiti chake.

"Jioni niko nyumbani," akamwambia mumewe. "Chakula kipo kama kawaida. Sijakuacha, usiende kuita wazee. Lakini kazi yangu iko ng'ambo."

"Mama Kendi, mwezi ujao tu..."

"Basi mwezi ujao uniite."

Huo mwezi umekuwa miaka. Wateja walivuka naye, maana kazi ya harusi inatembea kwenye midomo ya wanawake, na midomo hiyo ilikuwa imekwisha sema. Mwalimu alibaki mbele ya pazia lake, nyuma yake hakuna kitu. Akawa anapiga picha za pasipoti. Jioni anachukua nyanya zangu laini, mkewe akitoka kazini wanakwenda nyumbani pamoja, wanaongea vizuri tu, yeye amebeba mfuko. Ungewaona ungesema hakuna kilichotokea.

Lakini mimi nilikuwa na siri. Siku moja nilimpelekea Mama Kendi sukuma kule kwa Hodan. Kompyuta yao upande mmoja ni kioo, unaona utumbo wote, na taa ndani. Mama Kendi akanionyesha kwa kidole. Feni mbili zilikuwa zinazunguka humo, moja nyeusi, moja nyeupe. Kisha kidole hichohicho akakiweka mdomoni. "Usimwambie. Ataumia bure."

Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Muulize yeyote hapa sokoni ilinigharimu nini.

Juzi Mwalimu amekuja kwangu asubuhi. Nilidhani kuna msiba. Amestaafu sasa, kichwa chote cheupe. Akavuta kreti tupu akakaa.

"Mama Mboga, zimepanda tena."

"Nini zimepanda?"

"Kadi. Safari hii ni hizi kompyuta zinazojibu watu maswali. Makampuni makubwa yanameza kila kitu, hata zile kumbukumbu za ndani zimeadimika. Mwaka huu haiwezekani. Lakini itapoa tu. Kila kitu hupoa."

Nilikuwa napanga nyanya mpya, ngumu, bado zina vumbi la shamba.

"Wewe unaingia kule kwa Hodan," akasema polepole, kama mtu anayeulizia habari za ugonjwa. "Mimi siwezi kuingia. Wana kadi gani wale, inayofanya kazi yote hiyo? Lazima ni ile kubwa kabisa. Lazima walitupa pesa."

Nikamtazama. Nilifikiria kidole cha Mama Kendi mdomoni. Kisha nikafikiria yule mama wa Takaba ameganda kwenye kioo, mikono juu. Nikachoka, kweli nilichoka.

"Ina feni moja nyeusi," nikasema, "na moja nyeupe."

Mbuzi wa mtu alikuja akachukua jani la kabichi kwenye meza yangu, na hakuna aliyemfukuza. Niliona ulimi wa Mwalimu ukienda kwenye lile jino la daktari.

"Ya Farah."

"Ya Farah. Hodan aliichukua siku ileile. Aliapa, hukumsikia."

"Na haijaungua?"

"Imemaliza harusi za nusu ya mji huu. Na kabla hujafungua huo mdomo, ukiniuliza Hodan alinunua bei gani nakutupia kabichi."

Akaufunga. Akageuka, akautazama ule mlango wa maandishi ya waridi.

"Kumbe ilikuwa shida," akasema.

"Ilikuwa shida, Mwalimu. Ulikuwa umewekewa pazia, lakini masikio ulikuwa nayo."

Akainuka, akainama juu ya meza yangu, akaanza kuchagua nyanya, si zile za pembeni zilizobaki jana, bali hizi mpya, moja moja, anazibonyeza na kuridhika zikikataa.

"Mama Kendi hupenda ngumu," akasema.

"Siku zote alipenda ngumu."

Nikapima, nikataja bei ya asubuhi. Akalipa. Akavuka barabara katikati ya tuktuk zinazompigia honi, mfuko mkononi, mpaka kwenye ule mlango ambao mwanamume haupiti, akasimama juani, akabisha. Sauti ya Hodan ikatoka ndani ikisema angoje kidogo, Mama Kendi ana kazi.

Hakungoja. Akabisha tena.